Najua sitaki, lakini mkono umeshafanya. Huko ubongoni kunatokea nini?

Nyusi_Nusu

Wakuu, habari za humu. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo uvumilivu umenishinda.

Nina miaka 22, nasomea uhasibu, mwaka wa mwisho. Hilo la uhasibu nalitaja makusudi, mjue kwamba kwenye hesabu za watu mimi si mtu wa kukurupuka. Nipe vitabu vya biashara ya mtu mwingine, senti iliyopotea nitaitafuta mpaka ipatikane. Vitabu vyangu mwenyewe ndivyo havifungi.

Nina tabia mbili. Ya kwanza ni nyusi. Nikikaa kusoma, kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto vinapanda vyenyewe usoni. Haviokoti unywele wowote tu. Vinapapasa, vinaziruka zile laini, vinautafuta ule mmoja mnene, mgumu kidogo kama uzi wa nailoni. Nikiupata nauzungusha, nauvuta, na ukitoka na kile kishina chake cheupe nasikia kitu ambacho sithubutu kukiita raha. Ni kama kengele iliyokuwa inalia chumba cha pili, mtu akaizima. Dakika moja haijapita, inaanza tena. Juzi nilifungua kitabu cha kodi nikakuta vinywele kumi na saba katikati ya kurasa mbili. Ndiyo, nilivihesabu. Nyusi ya kushoto imebaki nusu, nachora kwa penseli, na mdogo wangu wa kiume kaniuliza mbona leo nyusi yangu imepanda juu kuliko ya jana.

Ya pili ni gemu la simu. Yale masanduku ya bahati: unalipia, linatikisika, linamulika mwanga, halafu unapata takataka. Mara moja moja unapata kitu cha maana. Programu naifuta saa sita usiku, saa saba haijafika nimeshaipakua tena. Mwezi uliopita matumizi ya wiki mbili yaliisha usiku mmoja, kabla hata sijapiga mswaki.

Kinachonichanganya ni kwamba tabia hizi hazifanani. Kwenye sanduku napandwa na mzuka kabla ya kubonyeza. Kwenye nyusi ninakuwa na kero kabla ya kuvuta. Ila zote mbili zinaishia kwenye sentensi ile ile: nilijua sitaki, mkono ukafanya.

Sasa naomba kueleweshwa. Hili ni tatizo moja au mawili? Nimesoma mahali kwamba ubongo hauivi mpaka miaka 25. Kwa hiyo nisubiri miaka mitatu, au? Na kuna kipimo cha damu cha dopamini, ile kemikali ya ubongo, nikapime nijue moja? Mama anasema nikiamua nitaacha. Nimeshaamua mara nyingi sana, mama. Kuamua najua.

Nawasilisha.

Kauli_Fupi

Ngoja waje wataalamu. Mimi nimeshatandika mkeka.

Chuma_Baridi

Dada usijitafutie ugonjwa. Hapo dopamini imezidi tu. Zima simu siku saba, oga maji ya baridi alfajiri, dopamini itajisafisha yenyewe. Mimi nilifanya na niko fiti. Vijana tunakosa nidhamu halafu tunasingizia ubongo.

Shangazi_Maabara

Chuma_Baridi mdogo wangu, maji ya baridi hayana ubaya, yanaamsha. Lakini dopamini haijai kama maji kwenye ndoo hata useme unaimwaga. Nitakurudia.

Mleta mada, pole. Mimi si daktari. Nilifanya kazi miaka sita kwenye maabara ya saikolojia, nilikuwa yule anayekuwashia kompyuta, anakupa maelekezo, kisha anakaa chumba cha pembeni anakuangalia kupitia kioo. Karibu miaka yote hiyo nilisimamia jaribio moja. Kwenye skrini unatokea mshale. Ukielekea kushoto, bonyeza kushoto. Kulia, bonyeza kulia, na uwahi. Mara chache, mshale ukiwa umeshatokea, inalia sauti: tii! Ukiisikia, usibonyeze. Basi, ndiyo hivyo tu. Ile kibodi ilikuwa na vitufe viwili vilivyolika mpaka alama zake zimefutika, vingine vyote vipya kama vimetoka dukani.

Mamia ya vijana wa umri wako walipita kwenye kile kiti, na wengi walitoka na sentensi uliyoiweka kwenye kichwa cha uzi: nilijua, ila mkono ulishaenda. Wengine walitoka wamenuna kabisa, wanajiona mabwege. Nami sikuruhusiwa kuwaambia mapema kwamba mchezo wenyewe umetegwa. Ukifaulu kujizuia, raundi inayofuata sauti inachelewa zaidi, ukishindwa, inawahishwa. Programu inajirekebisha hivyo mpaka kila mtu, awe mtawa awe mlevi, ashindwe karibu nusu ya mara. Hapo ndipo unapoweza kukokotoa kasi ya breki yake.

Wazo hilo lilielezwa na Gordon Logan na William Cowan mwaka 1984, na walilieleza kama mbio. Kichwani kuna amri mbili, "nenda" na "simama". Ya kwanza imeshatoka, ya pili inaifukuza, na itakayofika mwanzo ndiyo itakayotawala mkono. Kwa kijana mwenye afya, breki huchukua takriban milisekunde 200 hadi 250 kushika, yaani kama robo ya sekunde. "Nenda" ikiwa imetangulia kuliko hapo, utabonyeza, na utajiona unabonyeza. Kwa hiyo mama yako anachanganya kazi mbili. Kuamua ni kazi moja. Kuuzuia mkono ulioondoka ni kazi nyingine, ya mtandao mwingine wa seli, na ina saa yake.

Breki yenyewe inaanzia sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kulia, chini kidogo, nyuma ya kona ya paji la uso. Kutoka hapo ujumbe unashuka hadi kwenye kijisehemu kirefu kwa jina kuliko kwa umbo, nyukliasi ya sabtalamasi, chenye umbo la punje ya dengu. Hicho kikishtuka, mwendo wote unasitishwa.

Hiyo ndiyo breki. Injini iko katikati ya ubongo, inaitwa striatamu, na hapa ndipo tabia zako mbili zinapoachana. Sehemu yake ya chini inashughulika na "nitapata nini?" Sehemu ya juu inashughulika na "huwa tunafanya nini hapa?"

Sanduku lako la bahati linaongea na ile ya chini. Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini za nyani waliokuwa wanapewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zililipuka juisi ilipofika. Nyani walipozoea kwamba taa ikiwaka juisi inakuja, seli zikaanza kulipuka kwa taa, na juisi yenyewe ikapita kimya. Taa ikiwaka na juisi isije, seli zikanyamaza chini ya kawaida yake. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaonyesha jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja: kati ya ishara na malipo, baadhi ya seli hizo hupandisha mlio polepole, na mlio huo huwa mkubwa zaidi pale uwezekano wa kupata ni nusu kwa nusu. Uhakika wa kupata hauzitikisi hivyo, na uhakika wa kukosa hivyo hivyo. Sasa rudi usome ulivyoandika: linatikisika, linamulika mwanga. Ule mtikisiko ndio bidhaa uliyoilipia.

Hilo ndilo jibu la Chuma_Baridi pia. Dopamini ni hesabu ya tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata. Na mleta mada, usipoteze hela kwenye kipimo cha damu. Dopamini iliyo kwenye damu haivuki kuingia ubongoni, kwa hiyo namba utakayopewa haisemi lolote kuhusu striatamu yako.

Nyusi ni hadithi nyingine. Na utanisamehe, hapa huwa nanogewa. Kung'oa nywele kunaitwa trikotilomania, na kwa miaka mingi kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kilikuwa kinaiweka kwenye rafu ya kukurupuka, pamoja na kamari na wizi wa kushindwa kujizuia. Toleo la mwaka 2013 likaihamisha. Sasa iko rafu ya OCD, ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia, yaani rafu ya kushurutika. Kamari nayo ikahamishwa mwaka huo huo, ikapelekwa kwa ndugu zake pombe na dawa za kulevya. Kwa hiyo unapouliza kama una tatizo moja au mawili, unauliza swali ambalo wenye kitabu wenyewe wamehamisha rafu kwa ajili yake.

Kipimo rahisi cha kuzitofautisha umekwisha kukiandika wewe: mzuka kabla, au kero kabla. Anayekurupuka anavutwa na kitu kilicho mbele. Anayeshurutika anasukumwa na kitu kilicho nyuma. Isipokuwa nyusi zako zina vyote viwili. Kuna kero, sawa, lakini kuna pia kuutafuta ule unywele mnene, na huo ni uwindaji. Mwaka 2006 watafiti wa Cambridge waliwapa jaribio langu la sauti watu wanaong'oa nywele na watu wenye OCD. Makundi yote mawili breki zao zilichelewa kuliko za watu wengine, na wang'oaji walichelewa zaidi. Wenye OCD peke yao ndio waliokwama walipotakiwa kubadili kanuni katikati ya mchezo mwingine.

Mambo ya tiba wataongea walioipitia. La umri nitalijibu jioni, nina mgeni.

Kitasa_Mara7

Shangazi umeeleza vizuri, ila hilo la breki kwa upande wangu linapwaya kidogo.

Mimi ni mwenye OCD, nina miaka 27, ilinianza nikiwa na 19. Sio ajabu, huo ndio umri wake. Wengi huanza utotoni au kwenye ujana huu huu, na humpata kama mtu mmoja au wawili katika mia. Kwangu ilikuwa mlango. Nafunga, nashika kitasa, nakivuta mara saba. Nikipoteza hesabu naanza upya. Baadaye nikapata ujanja wa kupiga picha kitasa ili nikiwa njiani niangalie simu. Siku moja simu ikasema nafasi imejaa. Kucheki: picha 340 za kitasa. Kitasa kimoja. Na hata hizo picha nikawa naziangalia nasema, sawa, lakini hii ni ya leo kweli?

Sasa shangazi, mimi sikuwa naendeshwa na injini iliyoshinda breki. Gari lilikuwa limeegeshwa, limezimwa. Honi ndiyo iliyokwama. Mwanasaikolojia wangu alinichorea: kuna sehemu ya mbele juu kidogo ya macho inayosema "kuna kasoro", inapeleka habari kwenye kodeti, ambayo ni sehemu ya hiyo striatamu, kodeti inapeleka chini zaidi, talamasi, kituo cha kupitishia habari katikati ya ubongo, inarudisha juu. Kwa mtu mwingine kodeti inaichuja ile habari, inasema tumesikia, mlango umefungwa, endelea na safari. Kwangu ilikuwa inaipitisha, inarudi juu na nguvu zake zote, inazunguka. Mkono unashika kitasa ili honi inyamaze. Nyusi_Nusu, ulivyosema kengele ya chumba cha pili nimeacha kijiko mezani nikasema huyu wetu.

Kuhusu tiba. Inaitwa tiba ya kukabili na kutojibu. Maana yake: unakwenda mwenyewe pale honi inapolia, halafu huipi inachotaka. Siku ya kwanza tulifunga mlango wangu mara moja tu, bila kuvuta kitasa, simu akaishika yeye, tukatembea hadi kwenye benchi tukakaa. Kila baada ya dakika tano ananiuliza: kero yako ngapi, kati ya sifuri na mia? Nikasema 85. Halafu 90. Halafu 90. Nilikuwa natokwa jasho mgongoni kwa ajili ya kipande cha chuma. Kwenye dakika ya 40 akauliza, nikashtuka, nikasema 30. Sijafanya kitu! Nimekaa tu kwenye benchi namchukia mtu. Tulirudia hivyo wiki kumi na mbili, na si kila siku ilishuka. Kuna siku niligoma na nikarudi kuvuta kitasa mara saba mara saba.

Na kama kuna mtu anadhani hayo ni maneno tu: mwaka 1992 madaktari wa Los Angeles waliwapiga picha za ubongo watu wenye OCD kabla na baada ya tiba. Tisa walipewa dawa ya fluoksetini, tisa walipewa tiba ya tabia kama yangu bila kidonge. Kwa waliopata nafuu katika makundi yote mawili, kodeti ya kulia ilipunguza moto. Kidonge na benchi viliingia mlango tofauti, vikakutana ndani.

Chuma_Baridi

Daah. Picha 340. Kaka pole sana, mimi nilidhani OCD ni kupenda usafi.

Mtoto_wa_Fundi

Naongezea upande ambao haujaguswa, hasa kwa wanaosema nidhamu.

Baba yangu alikuwa fundi wa mbao, mtu wa kupima mara tatu akate mara moja. Hajawahi kucheza kamari maisha yake. Alipopata ugonjwa wa Parkinson akapewa vidonge vinavyoiga dopamini. Kutetemeka kukapungua, tukafurahi. Baada ya miezi kama minane mama akaanza kukuta kadi za kukwangua mfukoni, kwenye droo ya misumari, hata ndani ya soksi. Anaamka usiku anakwangua kwa ncha ya patasi. Tulimsema sana. Mimi mwenyewe nilimtamkia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona aibu.

Daktari mpya ndiye aliyeuliza swali ambalo yule wa kwanza hakuuliza: mzee, siku hizi unatumiaje hela? Akapunguza dozi polepole, akabadilisha dawa. Ndani ya wiki chache mzee akaziangalia zile kadi kama za mtu mwingine. Hakupewa mawaidha, hakuoga maji baridi.

Nikaja kusoma baadaye kwamba si mzee wangu peke yake. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka mwaka 2010 ulihusisha wagonjwa 3,090 wa Parkinson. Kwa waliokuwa wanatumia dawa za aina hiyo, asilimia 17.1 walikuwa na tabia kama kamari, kununua hovyo, kula bila kiasi au ngono ya kupindukia. Kwa wasiotumia, asilimia 6.9. Wanaosoma hapa wasije wakaacha dawa zao leo usiku. Kuzikata ghafla kuna balaa lake. Muone daktari.

Shangazi_Maabara

Nimerudi. Kitasa, nakubali. Breki ni mfano wa maabara, na maabara hupenda kile inachoweza kupima. Honi iliyokwama nimeipenda, nitaitumia bila kukutaja.

Sasa miaka 25. Mdogo wangu, siku unayofikisha 25 hakuna mtu anayekuja kukabidhi funguo. Mwaka 1999 Jay Giedd na wenzake walichapisha picha za MRI za watoto na vijana waliopimwa tena na tena kadiri walivyokua. Waliona tabaka la kijivu la sehemu ya mbele linanenepa hadi kuelekea balehe, kisha linaanza kupungua. Kupungua huko ni kupogoa: viunganishi visivyotumika vinakatwa, na nyaya zinazobaki zinavikwa mayelini, mafuta yanayofanya ujumbe uende kasi. Sehemu ya mbele ndiyo inayomaliza mwisho, ndani ya miaka ya ishirini, wengine mapema, wengine baadaye. Injini ya malipo inawahi kupata nguvu, breki inakamilishwa baadaye. Ndiyo maana kiti changu kilikuwa kinajaa watu wa umri wako.

Lakini usisubiri, kwa sababu moja: linalopogolewa na linalobaki hutegemea kinachotumika. Miaka mitatu ya kuvuta nyusi ukisubiri ubongo uive ni miaka mitatu ya mazoezi ya kuvuta nyusi. Ile striatamu ya juu, ya "huwa tunafanya nini hapa," haijali kama ulipenda au hukupenda. Inahesabu marudio. Kwa panya hili limeonekana wazi: kitu kinaanza kwenye sehemu ya chini kama starehe, kikirudiwa sana uendeshaji unahamia juu, panya anaendelea kubonyeza hata malipo yakiwa hayana ladha tena. Nikuulize tu: lile sanduku bado lina mzuka kama wa mwanzo?

Kwa nyusi, tiba yenye jina ni ya kugeuza mazoea. Nathan Azrin na R. G. Nunn waliichapisha mwaka 1973 na bado inatumika. Hatua ya kwanza ni kuufumania mkono, si kuuzuia. Uandike kila mara: ulikuwa umekaaje, unafanya nini, mkono upi, ulifika wapi ndipo ukaona. Hatua ya pili, mkono ukianza kupanda, uupe kazi isiyoweza kufanyika pamoja na kuvuta, kama kukunja ngumi na kuibana ubavuni kwa dakika moja hivi. Utaona kichekesho. Fanya hata hivyo, na ufanye ukiwa na mtu anayeijua kazi hii, mwanasaikolojia au daktari wa akili. Na umweleze na la gemu, usilifiche kwa sababu linaonekana la kitoto. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la michezo ya kielektroniki kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Na ulale. Ukinyimwa usingizi, sehemu ya mbele ndiyo inayolegea mapema. Saa saba usiku unashindana na lile sanduku ukiwa na robo tu ya wewe wa asubuhi.

Nyusi_Nusu

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa ukimya, nilikuwa nafunga mahesabu.

Nimefungua daftari. Kushoto tarehe na saa, katikati mahali, kulia idadi ya nywele. Wiki ya kwanza nilidhani nitaandika mara tano kwa siku. Siku ya pili pekee nimeandika mara 23, na hizo ni zile nilizoziona. Nilitaka kulia. Halafu nikaanza kusoma daftari kama ninavyosoma vitabu vya mteja, na ikajitokeza. Karibu zote zinatokea kiwiko cha kushoto kikiwa mezani na kiganja kimeshika shavu. Mkono ukiwa hapo umebakiza sentimita mbili tu kufika kwenye nyusi. Nikisoma nimesimama, daftari linakuwa tupu. Sasa nasoma kitabu nimekiegemeza kwenye kabati kama mhubiri. Kidole cha shahada nimekifunga plasta, kinapapasa hakisikii unene wa unywele, kinachoka chenyewe. Wiki hii ni mara nne hadi sita kwa siku.

Gemu: mdogo wangu ndiye aliyebadilisha nywila ya malipo. Nikiitaka ananiambia niandike barua ya maombi na nisubiri saa 24. Amejipa cheo cha meneja. Shangazi, kuhusu swali lako, nilikaa nalo siku mbili. Hapana. Mzuka uliisha zamani. Kwa miezi ya mwisho nilikuwa nafungua sanduku nikiwa nimeshakasirika tayari, kama ninavyovuta nyusi.

Mama amesoma uzi wote huu. Hakusema kitu, ila jana alipita nyuma yangu nikiwa nasoma akakiondoa kiwiko changu mezani.

Nina miadi ya mwanasaikolojia Jumanne ijayo. Kitasa_Mara7 kaka, naomba kuuliza: ile kero ya sifuri hadi mia, unajuaje kwamba ni 85 na si 80? Nimejaribu nyumbani nikajikuta natafuta namba sahihi nusu saa nzima.

Kitasa_Mara7

Hahaha, mhasibu. Sema ya kwanza inayokuja mdomoni na usirudi kuikagua. Hiyo nayo ni zoezi.